Matofali Yenye Majina

Jumatatu, Machi 4

Nimefika. Mgongo haunyooki. Kutoka kwetu Busia, Kenya, hadi hapa Karatu nimepanda mabasi manne na kulala njiani mara mbili. Daftari hili nilipewa na ofisi iliyonituma. Walisema kila mlei anayekwenda misioni aandike anayoyaona, ili watakaofuata wasishangae sana. Mimi niliacha shule darasa la sita. Miaka thelathini ya ujenzi nimeandika vipimo tu, tena ukutani, kwa penseli. Basi nitaandika kama ninavyoweza.

Cha kwanza cha kushangaza ni baridi. Nilikuja na mashati mawili nikidhani Tanzania yote ni joto. Hapa seminarini, juu ya mashamba ya Ganako, ukungu unaingia mpaka chumbani.

Jumanne, Machi 5

Nimekutana na wanafunzi wangu. Niliambiwa nitafundisha vijana kujenga, nami nikategemea vijana wa mjengo, wale wa kutukanana na kuvuta sigara. Nimekuta mafrateri kumi na wawili, wanaosomea upadre, watu wa falsafa, viatu vinang'aa. Nilipoingia wote wakasimama.

"Shikamoo Mwalimu!"

Nina miaka hamsini na miwili na hakuna aliyewahi kuniita mwalimu. Nikajibu, "Mzuri." Wakainama kuficha vicheko. Mmoja akashindwa kujizuia, Frateri Adrian wa Endabash, kijana mfupi mwenye mdomo mwepesi.

"Mwalimu, hapa unasema marahaba. Ukisema mzuri tutadhani umeikataa heshima yetu."

Padre Remigius ndiye mkuu wa seminari. Wenyewe wanamwita Gombera. Amenieleza kazi: vijana hawa watapelekwa vigangoni, mahali pasipo na kanisa wala nyumba, na padre asiyejua kupanga tofali atasalisha misa kwenye matope. Nitakaa miaka miwili. Tutaanza na bwalo jipya la kulia, maana la zamani lina nyufa za kuingiza mkono.

Alhamisi, Machi 7

Siku ya mnada. Hapa huwa tarehe saba na ishirini na tano za kila mwezi. Nimenunua sweta la mtumba na kofia ya sufu. Nafanana na mlinzi.

Jumamosi, Machi 9

Leo nimewafundisha desturi yangu ya kazi. Kila anayefyatua tofali huliandika jina lake kwa msumari kabla halijakauka. Likipasuka, tunajua ni la nani. Mtu akiona jina lake pale hawezi kupunja simenti.

Wameipenda kama watoto. Frateri Adrian ameandika lake kwa Kilatini. Frateri Saruni, Mmaasai kutoka Malambo, mrefu na mkimya, ameandika polepole kama anayechora.

"Mwalimu," akasema, "kwetu nyumba inajengwa na mama. Mama yangu Nasieku akisikia nafyatua tofali atacheka siku tatu."

"Ndiyo maana ya kwako yamekaa kama maandazi," Adrian akasema.

"Afadhali maandazi. Nyinyi Wairaqw babu zenu walichimba nyumba chini ya ardhi kama nungunungu."

"Tulichimba kujificha nyinyi, mlivyokuwa mnakuja kutuibia ng'ombe!"

Nikashtuka nikadhani watapigana. Kumbe ni utani wao wa kila siku. Walikuwa wameshikana mabega.

Alhamisi, Machi 14

Mpishi wetu ni Mama Germana, mwenyeji wa Ganako. Asubuhi nilimwambia, "Nipe chai." Akaniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Baba, umekuja kutukamata? Hapa tunasema naomba."

Nikaomba. Akanipa. Mama huyu ana mdomo, na anapenda kuamrisha hata wasio watoto wake.

Jumanne, Machi 19

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nyama. Hatukufanya kazi.

Jumatatu, Machi 25

Mvua imeanza. Udongo mwekundu unaganda chini ya kiatu mpaka unatembea umerefuka. Barabara ya kwenda geti la Ngorongoro imejaa magari ya watalii. Adrian anasema, "Wazungu wanalipa kwenda kuona nyati. Sisi nyati wanatufuata mpaka shambani, bure."

Jumapili, Machi 31

Pasaka. Nimeongea na mke wangu kwa simu. Binti yetu atajifungua mwezi wa sita, ameniambia nianze kutafuta jina. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu. Marehemu akikosa wa kuitwa kwa jina lake huisumbua nyumba. Mke wangu anasema safari hii tumeishiwa, marehemu wote wa ukoo wameshapewa watoto. Tulicheka sana.

Jumamosi, Aprili 6

Saruni ndiye amekuwa wa kwanza katika darasa. Tofali lake ukiligonga linalia kama chuma. Jioni alikaa nami tukiosha sepetu. Akaniuliza kwa nini niliacha nyumbani na umri huu. Nikamwambia ukweli: nilichoka kuwajengea matajiri, na padre alipotangaza kanisani kwamba wanahitaji fundi, goti langu lilinyanyuka kabla ya akili.

Yeye akaniambia anataka kumjengea mama yake nyumba ya matofali Malambo. "Yeye akae tu kwenye kigoda anitazame ninavyojenga. Anikosoe."

Nimefundisha vibarua wengi. Huyu ni wa kwanza niliyetamani baba yake anijue.

Jumatatu, Aprili 8

Mvua.

Jumanne, Aprili 9

Mvua. Mchanga umekwisha.

Jumatano, Aprili 10

Siwezi kuandika.

Ijumaa, Aprili 12

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Jumatano asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Juu yetu mbingu ilikuwa ya buluu na jua linawaka. Simenti ilikuwa imeanza kushika unyevu ghalani. Nikasema tunashuka korongoni kuchota mchanga. Mama Germana alikuwa mlangoni pa jiko anapepeta maharage.

"Fundi, leo msishuke. Angalia kule juu."

Nikaangalia. Upande wa msitu wa Ngorongoro wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya mlima, halisogei. Lakini kule ni mbali. Kwetu mvua ikinyesha unalowa, isiponyesha hulowi. Nami nilikuwa mwezi mmoja tu nikiitwa mwalimu.

"Mama, wewe angalia maharage. Mchanga niachie mimi."

"Haya," akasema. "Nimeshasema."

Korongo lile lina kuta zinazozidi watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Chini ni mchanga safi, mkavu juujuu hata baada ya mvua. Tulikuwa sita, na mkokoteni wa seminari unaokokotwa na maksai wawili. Kabla ya kushuka, Saruni alisimama ukingoni akautazama mlima.

"Mwalimu, tungoje kesho."

Nikamwambia mbele ya wenzake, "Frateri, unaogopa kulowa soksi?"

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akashuka. Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Tulikuwa tumejaza mkokoteni nusu niliposikia mngurumo. Nikadhani ni malori barabarani. Frateri Senteu, Mmaasai mwingine, wa Loliondo, akapiga kelele kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili: "Maji! Pandeni!" Goti langu halipandi haraka. Adrian alinishika ukosi akaniburuta. Tulipofika juu nikageuka. Yalikuwa yanakuja kwenye kona, na sikuona maji, niliona udongo unaotembea umebeba magogo. Na jua bado lilikuwa linawaka. Mpaka sasa sielewi. Jua lilikuwa linawaka.

Saruni alikuwa karibu kufika juu. Akatazama chini akaona maksai bado wamefungwa. Akarudi. Hakuna aliyemtuma. Nilimwita. Nilimwita kwa jina mpaka sauti ikakatika. Alikata kamba za nira kwa panga, akawapiga maksai makofi mgongoni, wakapanda kwa njia ya mkokoteni.

Maksai walitoka. Yeye hakutoka.

Walimpata jana mchana, mbali sana, mahali korongo linapopanuka. Polisi walikuja wakaandika kwamba ni mafuriko. Niliwaeleza habari ya soksi. Askari alisikiliza, hakuiandika.

Jumamosi, Aprili 13

Wamempeleka Malambo kuzikwa. Nilikuwa nimesimama kando ya gari na mkoba wangu. Gombera akanishika mkono.

"Fundi, wewe baki."

"Padre, ni mwanafunzi wangu."

"Najua. Mama yake ameambiwa yote, nilimwambia mimi mwenyewe. Amesema bado hajui akutazame kwa jicho gani. Yeye na ndugu zake wataleta neno. Wakisema uondoke, utaondoka. Wakisema ubaki, utabaki. Mimi sitakuwa na la kuongeza."

Gari likaondoka. Nilibaki na Mama Germana. Nilimngoja aniambie kwamba alinionya. Alileta chai bila kuombwa, akaketi, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Jumanne, Aprili 16

Mvua. Maksai wanakula nyuma ya jiko. Siwezi kuwatazama.

Ijumaa, Aprili 19

Mvua. Mke wangu anasema nirudi. Nimemwambia siruhusiwi kukimbia, nangoja neno.

Jumatatu, Aprili 22

Leo nimerudi darasani. Niliita majina kama kawaida, na nilipofika kwa Saruni nikalisoma, maana kwetu ndivyo tunavyofanya: jina la marehemu linaitwa, na wote mnaitikia kwamba yuko kwa Mungu. Hakuna aliyeitikia. Wote walitazama meza. Senteu alitoka nje.

Nimeshtuka kuliko siku ya mafuriko. Siku ile nilishtushwa na maji. Leo nimeshtushwa na watu.

Alhamisi, Aprili 25

Mvua imenyesha usiku na mchana. Nimesikiliza kwa makusudi. Kwenye meza, kwenye sala, wakati wa kazi, hakuna anayemtaja. Wanasema "siku ile", "kule", "mwenzetu". Picha yake iliyokuwa kwenye ubao wa bwalo la zamani imeondolewa. Ni wiki mbili tu. Kijana amekula nao miaka minne! Hawa watakuwa mapadre wa namna gani?

Adrian mwenyewe, yule wa utani, nilipomwambia "unakumbuka Saruni alivyokuita nungunungu?" akasema, "Mwalimu, naenda kuchota maji." Ndoo ilikuwa imejaa.

Jumatano, Mei 1

Mvua.

Ijumaa, Mei 3

Gombera amesafiri Arusha, atakaa siku kumi. Nimeamua. Kama wao wamemsahau, ukuta hautamsahau. Nimepekua rundo lote nikatoa matofali yake. Ni thelathini na moja, hakuna hata moja lililopasuka.

Jumatano, Mei 8

Nimemaliza. Nimeyapanga kando ya mlango mkuu wa bwalo, mistari mitatu, usawa wa macho, majina yote yakitazama nje. Saruni, Saruni, Saruni. Kupanga nimepanga peke yangu. Vijana walinichanganyia udongo wa simenti bila kusema neno. Nilidhani wanaona aibu.

Mama Germana alikuja na ndoo akasimama muda mrefu.

"Fundi, hayo ulimuuliza mtu?"

"Kujenga ni kazi yangu, Mama."

"Haya," akasema. "Nimeshasema."

Sasa ninapoandika maneno hayo nakumbuka nilishawahi kuyasikia. Lakini safari hii sioni korongo.

Jumamosi, Mei 11

Walikuja leo.

Sikuwategemea mpaka mvua iishe. Walipanda gari la mtu wa Malambo aliyekuwa anakuja mjini. Mama yake, Nasieku, mwanamke mrefu kama mwanawe, na shemeji yake mzee Lekoko. Gombera hayupo. Senteu akakimbia kuleta viti na chai. Nikawaamkia. Mama alijibu kwa Kiswahili cha taratibu.

"Wewe ndiye Fundi."

"Ndimi, Mama."

"Alinieleza. Alisema una goti baya."

Nilitaka kulia. Nikawaza: kabla hajasema neno alilokuja nalo, aone kwamba mtu mmoja hapa hakumsahau mwanawe. Nikamwomba anifuate. Mzee Lekoko akafuata. Nikawasimamisha mbele ya ukuta. Mama hasomi, niliona macho yake yanapita juu ya maandishi kama juu ya mikwaruzo tu. Basi mimi, kwa akili zangu, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya tofali. Nikamsomea jina la mwanawe, kwa sauti, kama lilivyoandikwa, na tofali la pili nikalisoma tena.

Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Aliunyakua mkono kama aliyeungua, akajifunika shuka mpaka kichwani. Mzee Lekoko akageuka akaanza kutembea kuelekea getini, hakutazama nyuma. Nyuma yangu sinia la chai lilianguka. Senteu alikuwa amesimama mikono wazi.

"Mwalimu," akasema, "umefanya nini?"

Nikasema sijui. Na ni kweli sikujua.

Mama Germana ndiye aliyetoka jikoni akamshika yule mama mabegani, akamwongoza mpaka barabarani. Waliondoka bila kunywa maji. Neno hawakulitoa.

Jioni Senteu alikuja chumbani kwangu. Akasimama, nikamwambia kaa, hakukaa.

"Nyumbani kwetu jina linazikwa pamoja na mtu. Halitajwi tena. Kuna mtoto bomani kwao alikuwa na jina kama hilo, ameshapewa jingine. Wengine siku hizi wameacha, hasa wa mjini. Kwa mama yake wanashika. Hata Gombera siku ya mazishi alisema 'mtumishi wako', hakusema jina."

"Na nyinyi wote mlijua?"

"Wote. Hata Wairaqw walinyamaza kwa ajili yangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekueleza vipi bila kulitaja? Na wewe ni mwalimu wetu."

Nikakumbuka ndoo ya Adrian iliyokuwa imejaa. Nikakumbuka jinsi walivyotazama meza. Mwezi mzima walikuwa wanamlinda, nami nikawaita wasahaulifu.

Kuanzia hapa sitaliandika tena jina lake. Kurasa za nyuma nitazigandisha kwa gundi ya seremala.

Jumapili, Mei 12

Sikupokea komunyo.

Jumatatu, Mei 13

Gombera amerudi, ameelezwa. Alikwenda kuutazama ukuta, kisha akasema, "Piga lipu, ufunike."

"Padre, lipu hubanduka. Miaka kumi ikipita litatoka, na mimi sitakuwepo."

"Basi utafanyaje?"

"Nitabomoa niyalaze."

Huko kwetu na huku tofali linaweza kusimamishwa au kulazwa. Likilazwa, uso wake mpana unatazama chini kwenye simenti, na hakuna jicho litakalouona mpaka siku nyumba itakapobomoka. Ukuta wa kulaza unakula matofali mengi lakini ni mnene, na una nguvu kuliko wa kusimamisha.

Jumanne, Mei 14

Nimeanza kubomoa kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, lisivunjike hata moja. Nimetoa saba. Mvua ilininyeshea, sikuondoka.

Jumatano, Mei 15

Nimekuta Adrian ameshika tindo kabla sijafika. Kisha akaja Senteu, kisha wote. Goti lilipokataa, Adrian aliniletea ndoo niikalie, akasema, "Kaa hapo Mwalimu, utukosoe."

Nilijua alikoyatoa maneno hayo. Naye alijua kwamba ninajua.

Ijumaa, Mei 17

Ukuta wa mlango tumeushusha wote, na yote thelathini na moja yamelazwa chini kabisa, mstari wa kwanza juu ya msingi. Hakuna lililovunjika. Alikuwa fundi.

Jumanne, Mei 21

Mvua kidogo. Gombera amewatumia wa Malambo ujumbe kwamba ukuta umebadilishwa. Hawajajibu.

Alhamisi, Mei 23

Tunahitaji mchanga. Nimekwenda jikoni nikavua kofia.

"Mama Germana, naomba uniambie. Leo mlima unasemaje?"

Alitoka nje, akatazama muda mrefu. "Leo hapana."

Hatukushuka. Saa tisa korongo lilijaa, na hapa kwetu halikudondoka tone.

Jumamosi, Mei 25

Siku ya mnada. Nimemuuliza Mama Germana tena habari ya mchanga. Amesema twende. Tumekwenda, tumerudi.

Jumatano, Mei 29

Nimefunga mkoba wangu, uwe tayari kwa neno lolote.

Jumamosi, Juni 1

Mvua imekwisha. Ngano imesimama mashambani. Walikuja saa nne, mama na mzee Lekoko, safari hii na kibuyu cha maziwa. Sikujua kama maziwa ni ishara nzuri. Sikuuliza.

Mama Nasieku hakukaa. "Yako wapi?"

Nikamwonyesha ukuta. Mkono wake sikuugusa.

"Mbona siyaoni?"

"Nimeyalaza, Mama. Yametazama chini."

Akainama, akaweka kiganja mwenyewe, akakipitisha mpaka mwisho wa mstari.

"Mimi najenga kwa fito na samadi. Nyumba ikichoka tunahama. Hii itakaa?"

"Itakaa kuliko wewe na mimi."

Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Kule korongoni ulimwambia nini? Nimeambiwa na wengine. Nataka kwako."

Gombera alikuwepo, mafrateri walikuwepo, Mama Germana alikuwa mlangoni. Nikasema, "Alisema tungoje kesho. Nikamuuliza kama anaogopa kulowa soksi."

Mama akauondoa mkono ukutani.

"Hakuwa anavaa soksi," mama akasema. "Tangu mdogo. Nilimnunulia, akampa mbuzi mgonjwa azivae."

Adrian alicheka, kisha akajiziba mdomo, machozi yanamtoka. Mama akamtazama kama anayemshukuru.

"Sikiliza, Fundi. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitapanda gari nije nikuambie. Lakini ukienda kwenu utamwachia nani jambo hili? Baki. Kiangazi uje Malambo utujengee darasa la katekisimu, na hawa vijana. Mimi nitakaa kwenye kigoda nitazame."

Mzee Lekoko akaongeza neno moja tu la kwake: "Na siku ya kuchota mchanga tutakuambia sisi."

"Mtaniambia nyinyi," nikasema.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini kuna jambo lilikuwa linanikaba tangu Aprili, na sikutaka kulifanya kwa kificho.

"Mama, kwetu desturi ni kinyume. Kwetu jina la marehemu lazima liitwe, anapewa mtoto. Binti yangu anajifungua wiki hii. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijajua ya kwenu. Ukikataa, sitafanya."

Senteu akanitazama kwa hofu. Mama alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza.

"Kwenu ni mbali?"

"Siku mbili na nusu."

"Wakiita huko, hapa inasikika?"

"Haisikiki, Mama."

"Hata kwenye simu?"

"Hata kwenye simu, nikiwa na akili."

Akafikiri. "Na wakimwita, anakuja?"

"Kwetu mtoto akiitwa anakuja. Asipokuja anaitwa tena, mpaka majirani wasikie."

Akajifunika shuka usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika, nami sikujua ni kicheko au ni kilio. Ndani ya shuka akasema:

"Wamwite. Mimi nisisikie. Lakini wamwite kwa nguvu."

Kisha akamimina maziwa, akanipa mimi kwanza.

Jumanne, Juni 4

Kesho tunapaua bwalo.

Jioni mke wangu alipiga simu. Nilimwambia angoje. Nilitoka uani, nikapita jiko, nikapita maksai, nikapita shamba la ngano mpaka mwisho wa mpaka wa seminari ambapo hakuna mtu. Nikashusha sauti ya simu.

"Ni mvulana," akasema. "Aitwe nani?"

Nikageuka kutazama kama Senteu yuko karibu. Nikamwambia jina kwa kunong'ona, mara moja tu. Mke wangu ana sauti kubwa. Akalirudia palepale, akimwinamia mtoto, akamwita, akamwita tena, na nyuma yake nyumba nzima ikapokea, wanawake na watoto, wanamwita.

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili, kwa nguvu, isitoke hata herufi moja.